Ubao Ulioniunguza Shavu

Vijana wangu wa karakana, juzi mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani katika useremala wangu ninayoikumbuka kuliko zote. Nadhani alitegemea nitaje mimbari, au ule mlango wa kanisa ambao maharusi hupigia picha. Mimbari naipenda, na kwa mlango namshukuru Mungu, maana haujapinda mpaka leo. Lakini kazi ninayoikumbuka ni fremu moja ya mninga, niliyomtengenezea mwanamke wa Newala. Fremu yenyewe mngeimaliza ninyi kabla ya chai ya saa nne. Kilichokuwa ndani yake ndicho kilichoniunguza shavu.

Mniruhusu nizunguke kidogo kabla ya kufika huko.

Aliyenifundisha kazi, Fundi Kaspari, Mungu amrehemu, alikuwa hapokei ubao bila kuunusa. Ataunusa, ataugonga kwa kifundo cha kidole, kisha ataulamba. Sisi wanafunzi tulicheka. Mwenzetu mmoja, ambaye hakupenda kulamba mbao, alitengeneza benchi la kanisa kwa mti mbichi, akalipiga vanishi likang'aa kuliko yote. Jumapili ya kwanza wazee watatu wa kanisa walikaa juu yake. Katikati ya mahubiri likapasuka kwa mlio wa bunduki, wazee wakawa chini, na katekista aliyekuwa akisinzia akaitikia kwa sauti kubwa, "Amina!" Tangu siku hiyo sote tulilamba mbao.

Fundi Kaspari alisema, "Mti ukiwa na haraka, utakuaibisha. Mtu naye ni hivyo hivyo." Nilikuwa kijana, nikadhani anazungumzia mti.

Mnajua pia kwamba kulikuwa na miaka ambayo msumari mpya ulikuwa kama dhahabu. Tulichomoa misumari kutoka kwenye masanduku ya zamani, tukainyoosha juu ya jiwe, tukaitumia tena mpaka ikakosa kichwa. Gundi tulichemsha wenyewe kwa ngozi, na harufu yake iliwafukuza hata mbuzi. Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka ya Masasi yakajaa ghafla: misumari ya kila urefu, gundi ya kopo, mabati, mitumba iliyomwagwa chini kama mavuno. Tulifurahi. Furaha yetu ikadumu mpaka vilipokuja viti vya plastiki. Kiti cha plastiki hakihitaji fundi, kinahitaji tu mtu wa kukipanga dirishani. Wateja wakapungua, na mafundi wengine wa rika langu wakaweka randa chini, wakaenda kununua korosho kwa niaba ya wafanyabiashara binafsi. Mimi nilibaki. Sikuwa shujaa, sikujua kazi nyingine. Nilisali, nikanoa patasi, nikangoja.

Katika kungoja huko ndipo sista aliyesimamia wodi ya watoto, katika hospitali ya misheni tuliyoihudumia, akaniita.

"Fundi," akasema, "kuna mama wa Newala anataka kutupa zawadi ya kutundika ukutani. Panda ukapime, uitengenezee fremu imara. Isije ikamwangukia mtoto."

"Ni picha, Sista?"

"Mimi mwenyewe sijui ni nini. Anasema ni shairi."

Nikapanda Newala na lori la mitumba. Ilikuwa majira ya baridi, ule wakati ambao uwanda wa juu unafunikwa na ukungu tangu asubuhi hadi karibu adhuhuri, na nguo ukiianika leo unaianua kesho kutwa ikiwa bado na unyevu. Ushikeni ukungu huo mkononi, tutauhitaji mbele.

Mama Rukia alikuwa akifanya kazi katika banda ambalo zamani lilikuwa la kubangulia korosho. Siku hizi mngeliita studio. Nilipiga hodi, akatoka mwanamke mrefu, kitenge kiunoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Wewe ndiye fundi? Wa wapi?"

Nikamtajia kijiji chetu, upande wa Chiwata, na ukoo wa mama yangu. Akaweka mikono kiunoni.

"Ah! Kumbe wameniletea mtani! Ingia, mla panya. Lakini simama mbali na chakula changu."

Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu ninyi mmebakiwa na utani wa mpira tu. Ukoo wa mama yangu na ukoo wake walikuwa watani tangu kwa mababu. Mtani anakutukana mchana kweupe na wewe unacheka. Anakwambia ukweli ambao ndugu yako hawezi kukwambia. Anaweza kuingia uani kwako, akakamata kuku au kiti, akasema, "Nimekiteka," na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Utakikomboa kwa kile atakachotaka yeye. Hata msibani mtani ndiye anayewachekesha waliofiwa, ili wasizame.

Basi nikamjibu kama inavyopasa. "Nimeingia, Mama Rukia. Nimekujua tangu barabarani kwa harufu. Ninyi wa huku juu maji mnayaona kwenye kalenda."

"Na ninyi wa bondeni," akasema, "jua limewapika mpaka akili zimekauka. Kaa."

Nilikaa, nikatazama. Vijana, nilikuwa nimeshaona vinyago vya mpingo maisha yangu yote, lakini sikuwa nimeona kitu kama kile. Kuta za banda zilikuwa zimejaa mbao, na juu ya kila ubao kulikuwa na vitu vilivyoshonwa, vilivyobandikwa, vilivyopigiliwa: magunia, vifuu, bati la debe, magome ya miti, vitambaa vya mitumba, mchanga mwekundu wa Newala ulioshikwa kwa utomvu. Majirani walimwambia anakusanya takataka. Lakini ukisimama mbele ya ubao mmoja kwa utulivu, jicho lako lilianza kutembea lenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia, kama linasoma.

"Ni mistari," akasema. "Kila ubao ni ubeti. Nilikuwa mtunzi. Marehemu baba alikuwa mtunzi, nikarithi. Kwenye maulidi, kwenye harusi, waliniita mimi. Sasa sighani tena."

"Kwa nini?"

"Sauti inafika mahali inakataa. Nikaona, kama ulimi umegoma, mikono je?"

Akanionyesha ubao wa zawadi. Alinieleza kama mtu anayeelekeza njia, bila kughani. Bintiye Rukia alilazwa katika ile wodi, akauguzwa vizuri, lakini Mungu akamchukua. Siku zote zile mama yake alikaa kwenye mkeka akitazama ukuta mtupu. "Mweupe pe," akasema. "Hakuna hata ufa wa kuushika kwa jicho. Nikajiambia, mama mwingine akija kukaa pale, awe na kitu cha kutazama. Awe na kitu cha kushika. Hiki ni cha kushikwa, Fundi, usikiwekee kioo."

Mstari wa kwanza ulikuwa gunia la unga lililopakwa chokaa, ndio ule ukuta. Wa pili ulikuwa bati lililotobolewa kwa msumari, matundu madogo madogo kama mahali ambapo machozi yangepita kama yangekuwepo. Wa tatu ulikuwa giza. Alikuwa ametandika mbeleko, ile kaniki aliyombebea Rukia mgongoni, akapanga juu yake maganda ya korosho kama magamba ya samaki, kisha akayapaka yote mafuta meusi ya maganda hayo hayo, hata yakang'aa kama maji ya kisima.

Chini kabisa palikuwa na ubao mtupu, umesuguliwa laini.

"Na hapa?"

"Hapo pananyamaza," akasema. "Pima fremu yako."

Nikapima. Vipande vya fremu nilikuwa nimekuja navyo, nikavikata kwa kipimo, nikaviunganisha pale pale kuuzunguka ubao. Na fundi yeyote, akitaka kujua kama upande umenyooka, anafanya nini? Anafumba jicho moja, analaza shavu. Nililaza shavu langu juu ya lile giza, nikatazama kwa muda wa kutosha, nikaridhika, nikaaga. Ubao nikauacha ukae siku chache gundi ishike.

Kesho yake asubuhi mke wangu aliponiona aliweka sufuria chini.

"Baba Efraimu! Umepigwa kofi na nani?"

"Na nani tena? Sijapigwa."

"Basi amekubusu nani?"

Shavu lilikuwa limevimba, limejaa malengelenge, na linawasha kama limepakwa pilipili. Nikaelewa papo hapo.

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Mtoto mdogo anaonywa kabla hajafundishwa kuhesabu. Tunayapaka kwenye nguzo mchwa wasile. Ilikuwaje basi Mama Rukia asijue? Alijua. Alifanya kosa ambalo anaweza kulifanya mtu wa korosho tu. Aliyachemsha mafuta, akayapaka, akaona yanakauka, akayajaribu kwa mkono wake, hayakumfanya kitu. Lakini mkono huo ulikuwa umebangua korosho tangu utotoni. Ngozi yake ilikuwa imeungua na kupona mara nyingi mpaka ikasahau kuungua. Na katika ukungu ule wa Newala mafuta yalikuwa yamefunga utando juu tu, chini bado mabichi.

Kwa hiyo kile alichokitengeneza ili watoto wagonjwa wakishike, kingewaunguza.

Nilirudi Newala nikitafakari namna ya kumwambia. Nilifundishwa katekisimu na wazee waliojua maneno mazuri, na njiani niliyapanga yote kichwani. Sikuyahitaji. Alitoka bandani, akaliona shavu langu, akapiga makofi kwa kicheko.

"Mla panya, leo panya amekuuma yeye!"

Kisha kicheko kikakatika. Akanikaribia, akalitazama shavu, akatazama mikono yake, akageuka kutazama ubao.

"Ni kazi yangu hii," akasema.

"Ni mafuta, Mama Rukia. Hayajaiva."

"Watoto wangelaza nyuso zao pale." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila ninachomshikia mtoto huyu kinaharibika. Nilimshika akaenda. Sasa hiki."

Akaingia ndani, akatoka na panga. Kule uani moto ulikuwa unawaka chini ya chungu. Nilijua anachotaka kufanya: kukipasua na kukitia motoni, pamoja na mbeleko ile, kitu pekee kilichokuwa kimebaki na joto la Rukia. Akikimaliza hicho, hakuna ambaye angeweza kumrudishia. Ningemwambia "Subiri, dada," asingesikia. Ningemwombea, nilimwombea kimoyomoyo, lakini panga lilikuwa tayari juu.

Nikaruka mbele, nikakumbatia fremu kwa mikono miwili.

"Nimeiteka!" nikapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Mimi, mtani, nimeiteka hii! Ni mateka wangu! Atakayeigusa nateka na jamvi lake!"

Akasimama. Panga likabaki hewani.

"Toka, Baba Efraimu. Huu si wakati wa utani."

"Utani una wakati wake? Msibani si ndipo tunapouanza? Mimi nimepanda mlima na shavu kama andazi, nirudi mikono mitupu?"

Jirani mmoja, bibi mzee, akasema kutoka uani kwake, "Mama Rukia, amekwisha kuteka. Weka panga. Mila ni mila."

Akaliweka. Hakucheka, lakini aliliweka. Nikamwambia taratibu, "Siuchukui ubao huu kwa ajili ya kukukomoa. Huku juu ukungu haukaushi. Si ulisema sisi wa bondeni tunapikwa na jua? Basi mpe mtoto wako jua letu."

Nikafunga ubao kwa magunia, nikasimamisha lori. Utingo alipotaka kunisaidia nikamzuia, "Usiguse!" Akarudi nyuma. "Mzee, ni bomu?" Nikamwambia ni shairi. Akanitazama njia nzima.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana haya hayamo kwenye vitabu vyenu vya ufundi. Kwanza nilifuta ule utando kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo sana, mikono nimeipaka mafuta ya nazi ili isiungue, nikipitia ganda moja baada ya jingine bila kuvuta mbeleko. Kisha nikauanika juu ya paa la bati la karakana, mchana kutwa, kila siku. Jioni nauingiza ndani. Asubuhi nautoa tena. Ukifuta ngumu umeharibu, ukipaka kitu juu kabla ya wakati umefungia ubichi ndani, kama lile benchi la kanisa. Kiangazi chote nilimfanyia mateka wangu hivyo. Wateja waliuliza, "Fundi, unaanika nini huko?" Nikasema, "Samaki."

Giza lile likabadilika. Kutoka kung'aa kwa maji likawa jeusi tulivu, kama mpingo uliozeeka. Ndipo nikayeyusha nta ya nyuki nikaisugua juu yake.

Na jaribio? Hapa ndipo ninapotaka mshike neno langu. Ukitaka kujua kama kitu kitamdhuru mtoto, usikijaribu kwa kiganja cha fundi. Kiganja chetu kimeshasahau. Nilijaribu kwa ngozi laini ya ndani ya mkono, nikangoja. Kisha, kwa sababu mke wangu hakuridhika, nikalaza shavu lile lile, mahali pale pale. Asubuhi alinigeuza kwenye mwanga wa mlango, akanikagua kama anayenunua ng'ombe.

"Leo hujapigwa," akasema.

Nikatuma neno kwa dereva wa lori: mateka yuko tayari, mwenyewe aje amkomboe.

Mama Rukia alikuja na jogoo na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini. Alipouona ubao kwenye benchi langu alisimama mlangoni. Akaja, akaweka kiganja juu ya maganda. Kisha akageuza mkono, akagusisha mgongo wa kiganja. Kisha akainama, akalaza shavu, akakaa hivyo.

Aliponyanyuka akanisogezea jogoo. "Haya, mtani. Mkombozi huyo."

"Jogoo nitamla," nikasema, "lakini hamkomboi mtu. Na ming'oko nitaila pia. Ninachotaka ni ubeti."

"Ubeti gani?"

"Huu. Sijapata kuusikia. Nimeukausha kiangazi chote, najua kila ganda lake, sijui sauti yake."

"Baba Efraimu, hujui unachoomba."

"Najua. Ndiyo maana ninaomba kama mtani. Ndugu asingethubutu."

Alikaa kwenye rundo la maranda. Mke wangu aliyekuwa mlangoni na maji ya kunywa akasimama pale pale. Nami nikaweka randa chini. Mama Rukia akafumba macho, akaanza, na sauti ilikuwa imeparuza kama ubao ambao haujapigwa msasa:

*Ukuta ni mweupe pe,*
*machozi sina nikupe,*
*giza usiliogope*

Hapo ikasimama. Sikumwambia "endelea". Fundi Kaspari alinifundisha kwamba kuna kiungo ambacho ukikigonga kinapasuka, na ukikiacha kinaingia chenyewe. Nje jogoo alikuwa anahangaika na kamba. Mama Rukia akanyoosha mkono bila kufumbua macho, akaupapasa ubao mpaka akafika chini, kwenye ile sehemu tupu iliyosuguliwa laini, akauweka pale.

*mkono wangu ni taa.*

Hakulia, wala sisi. Mke wangu alimpa maji akanywa. Halafu akaugeukia ubao, akasema, "Umekombolewa, mateka. Na wewe mla panya, mwache jogoo wangu anenepe kwanza, usimle leo." Tukacheka mpaka maranda yakapeperuka.

Tuliutundika wodini, chini, kwa kimo cha mtu aliyekaa mkekani, kama alivyotaka. Tangu siku ile akaanza kuitwa tena kwenye maulidi, na mimi, Mkristo, nilikwenda mara kadhaa kumsikiliza, nikakaa nyuma na kofia magotini. Ametangulia sasa. Ninamkumbuka katika sala zangu, na sidhani Mungu ananiuliza nimemweka kwenye safu ipi.

Mwaka huu nilipompeleka mjukuu wangu pale, niliuona. Gunia limechakaa, bati limeingia kutu kidogo. Karibu yetu alikaa mama kijana, mgeni, mtoto wake amelala kwenye kitanda cha pili. Alikuwa amechoka, hatazami kitu. Lakini mkono wake ulikuwa unapita juu ya maganda, polepole, ukashuka hadi ule ubao mtupu chini, ukatulia hapo. Ubao huo sasa umeingia shimo dogo katikati, umeng'aa. Hakuna randa iliyofanya vile.

"Babu," akaniambia aliponiona natazama, "hiki ni nini?"

Nikasogea mkekani karibu naye, nikamghania.